Vipindi vya ndani vinavyolipiwa na pesa za umma: watazamaji wamekimbia kweli, au ni mizani iliyobadilika?

#1 Mzani_wa_Jioni

Salaam wakuu.

Naleta hoja, mnipige au mniunge mkono. Katika nchi nyingi vipindi vya ndani vinavyotengenezwa kwa pesa za umma (kodi, ada ya leseni ya TV, au mfuko wa ruzuku) vinaonekana kupoteza watazamaji mwaka hadi mwaka. Jibu la haraka ni lilelile: watu wamehamia intaneti. Mimi nasema jibu hilo ni fupi mno. Kama intaneti ndiyo mchawi pekee, kila mahali penye intaneti ya kasi pangeanguka kwa kasi moja, na sivyo ilivyo.

Chukueni Kanada. Nchi moja, mdhibiti mmoja wa utangazaji (CRTC), mfuko mmoja wa ruzuku, Canada Media Fund, ulioanza 2010. Quebec, kwa wanaozungumza Kifaransa, tamthilia na burudani za nyumbani ndizo zinazoongoza orodha ya wiki. Kwa wanaozungumza Kiingereza, orodha hiyohiyo kwa miaka mingi imejaa vipindi vya Marekani. Intaneti ni ileile, mfuko ni uleule, masharti ni yaleyale. Nini kinaleta tofauti?

Naomba tujibu kwa vipimo.

#2 RimotiMbovu

Hoja nzuri, ila kabla ya kumtafuta mchawi tukubaliane kwanza maiti ni ipi. "Watazamaji wamepungua" inabeba namba tatu tofauti, na kila mtu huchagua inayomfaa.

Kipindi cha dakika 30 kina watazamaji watatu. Wa kwanza anakaa dakika zote 30, wa pili 15, wa tatu 6. Jumla dakika 51. Gawa kwa 30, unapata 1.7, na huo ndio wastani wa watazamaji kwa kila dakika, namba inayotangazwa kesho yake. Waliofikiwa ni hesabu nyingine: kizingiti kikiwa dakika 3 ni watu 3, kikiwa dakika 15 mfululizo ni 2. Watu haohao, sebule ileile.

Halafu kuna mgawo. Kipindi kikipata milioni 2 wakati TV zote zina watazamaji milioni 20, mgawo ni asilimia 10. Miaka kadhaa baadaye kinapata milioni 1.2, lakini sasa jumla ya wanaotazama TV saa hiyo ni milioni 8. Mgawo umepanda hadi asilimia 15. Msemaji wa kituo atasema "tumepanda", mwanasiasa anayetaka kupunguza bajeti atasema "mmepoteza asilimia 40". Wote wawili wanasema kweli.

Kwa hiyo mleta uzi, ni ipi inayoshuka?

#3 Antena_Ndefu

Mkuu RimotiMbovu, jina na kazi havifanani kabisa, umeeleza vizuri. Niongeze ya sampuli, maana vipindi vya ruzuku ndivyo vinavyoumia zaidi hapo.

Watazamaji hawahesabiwi mmoja mmoja. Zinachaguliwa kaya, zinafungiwa kifaa, kisha namba inakuzwa hadi ukubwa wa nchi. Barb, wapimaji wa watazamaji wa Uingereza, iliyoanzishwa 1981, inatumia kaya zaidi ya 5,000. Nchi ndogo zina kaya chache zaidi. Tuseme una watu 1,000 kwenye sampuli na makala ya historia imepata asilimia 2. Kosa la kawaida la sampuli ni kipeuo cha pili cha (0.02 × 0.98 ÷ 1,000), karibu 0.0044. Zidisha kwa 1.96. Namba yako ya kweli ipo popote kati ya asilimia 1.1 na 2.9. Mwaka unaofuata inasomeka 1.6 na gazeti linaandika "imeshuka kwa moja ya tano". Hiyo si habari, ni mtikisiko wa sampuli.

Kipindi chenye asilimia 10 kwa sampuli hiyohiyo kinayumba pointi 1.9 tu juu na chini. Kwa uwiano kimetulia zaidi ya mara mbili kuliko kile kidogo. Na msidhani kwamba wastani wa sehemu 13 unamaliza tatizo. Waliofungiwa vifaa ni walewale wiki zote, kwa hiyo kosa halipungui kama vile ungechukua watu wapya kila wiki.

#4 Bi_Ratiba

Ahsanteni kwa darasa, lakini mnalikwepa swali. Mtikisiko wa sampuli unaenda juu na chini. Hauwezi kueleza pengo linaloegemea upande mmoja miaka yote. Quebec jibu lake ni lugha. Kipindi cha Marekani kikifika kwa Kifaransa kinafika kimechelewa na kimetiwa sauti. Kikifika kwa Kiingereza kinafika usiku uleule kama Marekani kwenyewe.

#5 Kaskazini_Mbali

Lugha ni nusu ya jibu, dada. Kutiwa sauti hakujaua filamu za Marekani Ujerumani wala Ufaransa. Quebec kuna kitu cha pili: mwigizaji wa tamthilia ya Jumatatu ni mgeni wa kipindi cha mazungumzo cha wikiendi, yuko kwenye jarida la wiki, yuko jukwaani. Mtazamaji anakutana naye mara nne kabla ya sehemu inayofuata. Upande wa Kiingereza nyota huyo akianza kujulikana, soko kubwa liko ng'ambo ya mpaka na lugha haimzuii kwenda.

Na nimsahihishe mleta uzi: mfuko ni mmoja lakini hawagawani kichwa kwa kichwa. Karibu theluthi moja ya pesa za Canada Media Fund inaenda kwa vipindi vya Kifaransa, na wanaozungumza Kifaransa nyumbani ni chini ya robo ya watu wa Kanada. Kwa kila mtazamaji, upande huo unapata zaidi.

#6 Mzani_wa_Jioni

Nimekubali sahihisho la theluthi. Ila hapo umegeuza hoja kuwa "ongeza pesa, watazamaji watakuja". Sijashawishika.

#7 Fundi_Ishara

Hakuna aliyegusa kitu kikubwa kuliko vyote huko Kanada: ubadilishaji wa ishara. Sheria ipo tangu miaka ya 1970. Kituo cha Kanada kikinunua kipindi cha Marekani na kukirusha saa ileile kinaporushwa na mtandao wa Marekani, kampuni ya kebo inalazimika kuondoa ishara ya Kimarekani kwenye chaneli yake na kuweka ya Kikanada, pamoja na matangazo yake ya biashara. Mtazamaji akiwa chaneli yoyote kati ya hizo mbili, anahesabiwa kwa kituo cha Kanada.

Angalia inachofanya kwenye ratiba. Pesa za matangazo zinapatikana tu kama umelingana na saa ya Marekani. Kwa hiyo Jumatatu hadi Alhamisi usiku, kituo binafsi kinapangiwa ratiba na mtu aliyekaa New York. Tamthilia ya ndani inapewa saa inayobaki: Ijumaa, Jumamosi, au majira ya joto watu wakiwa nje. Na kipindi cha Marekani kikihamishwa siku, kile cha ndani kinahamishwa nacho ili kupisha. Kipindi kilichohamishwa mara tatu ndani ya msimu mmoja hakina mtazamaji wa kudumu, hata kingeandikwa kwa dhahabu.

Masharti ya mfuko yanataka kipindi kionyeshwe saa za watazamaji wengi, saa 1 hadi saa 5 usiku, ndani ya miezi 18 tangu kikamilike. Jumamosi saa 4 usiku inatimiza sharti. Barua ya sheria imefuatwa, watazamaji hawapo.

#8 Bi_Ratiba

Hapo umenena. Ongezea sera ya CRTC ya 1999, iliyoondoa sharti la vituo binafsi kutumia kiasi maalumu kwa vipindi vya Kanada na kupanua orodha ya "vipindi vya kipaumbele" hadi majarida ya burudani yakaingia. Tamthilia ni ghali, jarida la burudani ni rahisi, na yote mawili yanatimiza saa zinazotakiwa. Kituo kitachagua nini?

#9 Mzani_wa_Jioni

Sawa kwa vituo binafsi. CBC, kituo cha umma cha taifa, je? Saa zake za jioni zimejaa vipindi vya Kanada, haitegemei kulinganisha saa na Marekani. Mbona nayo imeshuka?

#10 Fundi_Ishara

CBC kwa miongo ilikuwa na hoki. Mechi za mtoano za ligi zinaanza Aprili na kuendelea hadi Juni, karibu kila usiku, na zilikuwa zinameza jioni nzima. Maana yake msimu wa tamthilia ulilazimika kumalizika au kukatika mapema, wakati washindani wanafunga misimu yao kwa kishindo mwezi Mei. Ukichukua wastani wa mwaka wa kituo, hoki inaubeba juu. Ukichukua tamthilia peke yake, unaona shimo. Ndiyo maana mtu asikubali wastani wa kituo kama ushahidi wa vipindi vya ndani. Toa michezo kwanza.

#11 Kiti_cha_Mbele

Ninyi mko Kanada tu. Uingereza inaonyesha wazi kwamba watu walikuwepo na wameondoka. Krismasi ya 1986 EastEnders ya BBC ilipata watu milioni 30.15. Hakuna tamthilia leo inayofika hata robo tatu ya hapo. Huo ni ushahidi tosha.

#12 RimotiMbovu

Mkuu, hiyo milioni 30.15 ilijumuisha na marudio ya wikiendi. Enzi hizo namba za tamthilia hizo zilijumlishwa: onyesho la kwanza pamoja na marudio. Aliyetazama mara mbili kahesabiwa mara mbili. Siyo uongo, ni kanuni ya wakati ule, lakini huwezi kuichukua ukailinganisha na onyesho moja la leo. Na chaneli zilikuwa nne tu.

Kushuka kupo, sikatai. Lakini ukianzia kileleni kilichoongezwa kimo, mteremko lazima uonekane wa kutisha.

#13 Kiti_cha_Mbele

Nimepokea. Hata ukitoa marudio, bado ni mlima mkubwa.

#14 Antena_Ndefu

Kanada wana kisa cha kinyume chake. Mwishoni mwa Agosti 2009 walihama kutoka kifaa cha kufungwa kwenye TV hadi kifaa cha kubeba mwilini. Msimu huo namba zilipanda ghafla, vipindi vya CBC vikiwemo. Watu hawakuipenda TV ya taifa kwa usiku mmoja, ni kifaa kilichobadilika.

Kile cha kufungwa kinategemea vitufe. Kila mwanakaya ana namba yake kwenye rimoti ya kipimo: ukiingia sebuleni unabonyeza, ukitoka unabonyeza, mgeni anaandikishwa umri na jinsia. Watu huchoka. Watoto na vijana ndio wa kwanza kuacha kubonyeza. TV ikiwaka muda mrefu bila mtu aliyejiandikisha, kaya inaweza kutolewa kwenye hesabu ya siku ile.

Cha kubebwa kinasikia alama ya sauti iliyofichwa ndani ya matangazo, sikio la mtu halitambui. Hakihitaji kitufe, kinakamata na TV ya ukumbini au nyumba ya jirani. Lakini kina makosa yake: aliyeko jikoni akisikia TV ya sebuleni anahesabiwa mtazamaji, anayetazama kwa visikizi masikioni anapotea asipounganisha adapta, na kifaa kilichoachwa mezani hakitembei, hivyo siku hiyo ya mtu huyo inafutwa.

Ukichora mstari wa 2005 hadi 2015 bila kuweka alama pale 2009, mstari wako unadanganya.

#15 Mchora_Grafu

Basi tuseme namna ya kuuchora bila kudanganya, maana ndiyo kazi yenyewe na wengi wanairuka.

Chagua namba moja tu, wastani wa kila dakika, na useme ni wa usiku uleule, wa siku 7 au wa siku 28. Usiwahi kuchanganya. Tamthilia hutazamwa sana baadaye, habari karibu haitazamwi kabisa kesho yake. Mfano wa hesabu: usiku 600,000, ndani ya siku 7 imekuwa 850,000, ndani ya siku 28 kwa vifaa vyote 1,050,000. Anayelinganisha 600,000 ya leo na namba ya siku 7 ya miaka kumi iliyopita anaonyesha anguko ambalo sehemu yake haipo.

Kisha toa marudio, toa michezo, toa matukio maalumu. Bakiza maonyesho ya kwanza, kwa aina: tamthilia peke yake, makala peke yake, watoto peke yao.

Pale kipimo kilipobadilika, tafuta kipindi ambacho vifaa viwili vilifanya kazi sambamba. Wiki 8 hadi 13 zinatosha kupata uwiano. Kipimo cha zamani kikisoma 400,000 na kipya 520,000, uwiano ni 1.3, na unauzidisha kwa namba za zamani. Ila uwiano utafutwe kwa kila aina ya kipindi. Hapa ndipo watu huharibu: wanachukua uwiano wa kituo kizima na kuupaka kila mahali. Vipindi vya watoto vinaweza kuwa na 1.6 na habari 1.1, na ukitumia 1.3 kwa wote umewatengenezea watoto ukuaji wa uongo na habari anguko la uongo.

Na usisahau makadirio ya idadi ya watu. Sensa mpya ikipandisha msingi kutoka milioni 10 hadi 10.5, asilimia 4 ileile inakuwa 420,000 badala ya 400,000. Hakuna mtu mpya aliyewasha TV.

Mwisho gawanya kwa jumla ya wanaotazama TV saa hiyo. Kama tamthilia ya ndani imeshuka asilimia 30 na TV nzima imeshuka asilimia 35, tatizo lako ni la TV, si la tamthilia.

#16 Bi_Ratiba

Hilo la mwisho nalipinga. Pesa ya umma haikutolewa ili tushuke polepole kuliko wengine. Ilitolewa ili wananchi waone vipindi vyao. Mwananchi aliyehama TV bado ni mlipaji.

#17 Mchora_Grafu

Kweli, na ndiyo maana unaonyesha mistari yote miwili. Lakini dawa ni tofauti. Tamthilia ikishuka kuliko TV, rekebisha tamthilia. Ikishuka pamoja na TV, rekebisha mahali pa kuipata.

#18 Kaskazini_Mbali

Waliojaribu kuhamisha mahali wameumia. BBC Three, chaneli ya vijana ya BBC, ilitolewa hewani Februari 2016 ikawa ya mtandaoni tu, kwa sababu vijana wako huko. Februari 2022 ikarudishwa hewani. Denmark nako, bajeti ya DR, mtangazaji wa umma, ilipokatwa karibu asilimia 20, mwanzoni mwa 2020 DR3 na chaneli ya watoto DR Ultra zikafungwa hewani zikabaki mtandaoni, DR K ikaunganishwa na DR2. Ukiifunga chaneli, kijana hakufuati kwenye programu yako. Anabaki kwenye programu aliyomo tayari.

#19 Kiganjani

Na huko mtandaoni ndiko mizani imechanganyika kuliko kote. Netflix walikuwa wanahesabu aliyetazama asilimia 70 ya sehemu moja. Kisha wakahamia dakika 2. Mwaka 2021 wakaanza kutangaza saa zilizotazamwa. Tangu 2023 wanachukua saa hizo wanagawa kwa urefu wa kipindi na kuita matokeo "mitazamo".

Sasa weka ile ya dakika 2 kwenye mizani ya TV ya taifa. Mtu aliyetazama dakika 2 za kipindi cha dakika 60, kwenye wastani wa kila dakika ni sehemu 1 ya 30 ya mtazamaji. Watu milioni moja wa namna hiyo ni watazamaji 33,000 tu. Kituo cha umma kinaripoti kwa mizani kali, mshindani anaripoti kwa mizani laini, kisha bunge linaambiwa "tazameni wenzenu".

#20 Kiti_cha_Mbele

Halafu kuna Bluey, katuni ya watoto. Imetengenezwa Australia kwa msaada wa Screen Australia, Screen Queensland, na ABC ya umma pamoja na BBC. Mwaka 2024 Nielsen, kampuni ya kupima watazamaji, waliihesabia dakika bilioni 55.62 Marekani, ya kwanza kwa vipindi vyote vya mtandaoni. Nani alisema pesa za umma hazileti watazamaji?

#21 Kiganjani

Inaleta, lakini dakika si watu. Sehemu moja ya Bluey ni kama dakika 7. Gawa bilioni 55.62 kwa 7, ni kama bilioni 7.9. Gawa kwa siku 366, ni kama milioni 21.7 kwa siku. Mtoto wa miaka minne anarudia sehemu zilezile, na akitazama 10 kwa siku, watoto milioni 2.2 wanatosha kutimiza hesabu yote hiyo, na hapo sijahesabu mzazi aliyekaa kando.

Na hakuna hata dakika moja kati ya hizo inayoingia kwenye namba za ABC nyumbani. Mfuko unaopima mafanikio kwa watazamaji wa ndani tu utaiona kuwa kipindi kizuri cha watoto, basi.

#22 Mdau_wa_Ruzuku

Samahanini kwa kuchelewa, nimesoma yote. Mmesahau kwamba mfuko wenyewe unaweza kuunda tabia. Canada Media Fund huwapa watangazaji bahasha za fedha kulingana na vigezo, na kimoja ni watazamaji. Ukipima kwa jumla ya saa zilizotazamwa, marudio yanahesabika, na mwenye chaneli nyingi anarusha kipindi kimoja mara kumi na mbili na bahasha inanona. Ukipima kwa onyesho la kwanza tu, mtangazaji anaogopa kipindi cha aina mpya kisichozoeleka, anarudi kwa mpelelezi na daktari. Vigezo vyote viwili vinatumika kwa pamoja, na bado kila kimoja kinavuta upande wake.

La pili, idadi ya sehemu. Bei ya saa moja ya tamthilia imepanda, mifuko haikupanda nayo, kwa hiyo misimu imefupishwa: 13 imekuwa 10, 10 imekuwa 8, hata 6. Kipindi chenye watazamaji 500,000 kwa sehemu 13 za saa moja kinaleta saa milioni 6.5. Kikiwa na watazamaji 600,000 kwa sehemu 8, ni saa milioni 4.8. Kimependwa zaidi, na ripoti ya mwaka inasema kimeshuka. Mtu asome jedwali la saa zilizolipiwa kabla ya jedwali la saa zilizotazamwa.

#23 Bi_Ratiba

Hili la sehemu chache lina ubaya mwingine: mazoea. Tatort, tamthilia ya upelelezi ya Ujerumani, iko Jumapili saa 2 na robo usiku, mara tu baada ya taarifa ya habari ya saa 2, tangu 1970. Inatengenezwa na vituo vya umma vya majimbo kwa zamu, kila jimbo na wapelelezi wake, hivyo hakuna hata mmoja anayebeba mwaka mzima peke yake. Mtazamaji hakumbuki nani anatokea wiki hii, anakumbuka Jumapili. Bado ni miongoni mwa vipindi vinavyotazamwa sana nchini humo. Sehemu 6 zilizorushwa Februari na kutoweka hadi Februari ijayo haziwezi kujenga kitu cha aina hiyo.

#24 Antena_Ndefu

Lakini wastani wa umri wa watazamaji wa chaneli kuu za umma Ujerumani umepita miaka 60. Mazoea hayo yanarithiwa na nani?

Na vijana wenyewe tunawapima vibaya. Ni wagumu kuandikisha, kwa hiyo waliopo wanapewa uzito mkubwa. Sampuli ya watu 1,000 kwa nchi ya watu milioni 10, kila mtu anawakilisha 10,000. Kijana anaweza kupewa 18,000. Vijana watano wakiacha kifaa na kuondoka, watazamaji 90,000 wanayeyuka kwenye ripoti kabla wengine hawajapatikana.

#25 Mzani_wa_Jioni

Ahsanteni, uzi umeshiba. Naona bado watu wawili hawajakubaliana: Fundi_Ishara anasema ratiba, Kaskazini_Mbali anasema nyota na lugha. Mimi naegemea ratiba, kwa sababu ndicho kitu kinachobadilika kwa wiki moja na matokeo yakaonekana.

#26 Kaskazini_Mbali

Kama ni ratiba, leo ambapo watu wanatazama saa wanayotaka, pengo lingekuwa limefungwa. Schitt's Creek ilianza CBC 2015, saa yake ilijulikana, na umaarufu wake ulipanda ilipoingia Netflix, hadi 2020 ikabeba tuzo zote saba kuu za vichekesho za Emmy. Kipindi kilekile, nyota walewale. Kilichobadilika ni mahali kilipowekwa mbele ya macho.

#27 Fundi_Ishara

Basi umenisaidia, mkuu. "Mahali pa kuwekwa mbele ya macho" ni ratiba kwa jina jipya. Zamani ilikuwa saa 3 usiku Jumanne, leo ni safu ya kwanza kwenye skrini ya mwanzo ya TV na kitufe chenye nembo kwenye rimoti. Vitufe hivyo vinalipiwa. Uingereza wameweka kwenye Sheria ya Vyombo vya Habari ya 2024 kwamba programu za watangazaji wa umma zionekane kwa urahisi kwenye TV za intaneti. Hawakuiandika kwa sababu vipindi ni vibovu.

#28 Mdau_wa_Ruzuku

Swali kwa Mchora_Grafu: ule uwiano wa wiki 8 hadi 13 unafanyaje kazi kwa programu ya simu, ambako hakuna kifaa cha zamani cha kulinganisha?

#29 Mchora_Grafu

Haufanyi kazi vilevile. Kwenye programu unahesabu kwa alama ya msimbo iliyowekwa ndani ya kichezeo cha video, inayotuma taarifa kila baada ya sekunde kadhaa. Inahesabu vifaa, si watu, kwa hiyo unahitaji sampuli ya kaya pembeni ikuambie kwa wastani wako wangapi mbele ya skrini. Kwa simu ni karibu 1, kwa TV ya sebuleni ni zaidi, kwa katuni ni zaidi tena.

Kinachoharibika mara nyingi ni toleo jipya la programu kutoka bila alama hiyo, au ikawepo kwa TV za kampuni moja na kukosekana kwa nyingine. Grafu inaanguka ghafla siku moja, kwa vipindi vyote kwa pamoja, kwa aina moja ya kifaa. Watazamaji halisi hawaondoki hivyo. Kabla hujaandika kwamba wamekimbia, panga namba kwa kifaa na kwa toleo la programu, uone kama shimo liko kwenye safu moja tu. Kingine ni uchezaji wa kujiendesha: sehemu ya 3 inafuata ya 2 yenyewe mtu amelala. Weka kikomo, kwa mfano ondoa kipande kilichozidi saa 4 bila rimoti kuguswa, na ukiandike kwenye maelezo ya jedwali ili wa mwaka kesho atumie kikomo hichohicho.

#30 RimotiMbovu

Saa 4 ni nyingi kwa katuni, mkuu. Mtoto analala baada ya dakika 20 na TV inaendelea. Kikomo kiwekwe kwa aina ya kipindi, kama ulivyosema wewe mwenyewe kwenye #15 kuhusu uwiano.